Wakusanya Mayai ya Samaki wa Mto Halda: Riziki Yao na Uhai wa Mto



1. Utangulizi

Mto Halda huanzia vilimani, kusini-mashariki mwa Bangladesh, na kuishia katika Mto Karnaphuli karibu na jiji la Chattogram. Humo hutaga karpu wakubwa wa Asia Kusini: rui, katla, mrigeli na kalibaushi. Wakazi wa Hathazari na Raozan, ng'ambo hii na ile, wamerithishana kazi ya kukusanya mayai hayo. Hoja yangu ni kwamba mkusanya mayai ndiye mlinzi wa kwanza wa samaki wazazi, na hifadhi isiyojali riziki yake haitadumu.

2. Kazi yenyewe

Msimu ni Aprili hadi Juni. Samaki husubiri mambo yakutane: mwezi mwandamo au mpevu, radi na mvua kubwa vilimani, na mkondo mkali wa maji ya tope. Kwanza hutoa mayai machache tu. Wavuvi wakiyaona, hukesha mtoni, kwa kuwa utagaji wenyewe unaweza kuanza saa yoyote na kwisha upesi.

Mitumbwi hutia nanga, na nyavu za matundu madogo hukingwa kwenye mkondo. Mayai hupelekwa kwenye mashimo ya udongo yaliyochimbwa ukingoni na kutandikwa kitambaa chepesi. Hapo maji hukorogwa taratibu kwa mkono, usiku na mchana, ili mayai yapate hewa. Huanguliwa baada ya siku moja hivi, na siku chache baadaye wafugaji hufika kununua vifaranga. Kilo moja ya vifaranga huhitaji makumi ya kilo za mayai. Maji yakiharibika, pato la msimu mzima hupotea.

3. Yanayoudhuru mto

Mwaka 2016 zilikusanywa takriban kilo 735 za mayai. Mwaka 2020 zilifika kama 25,500. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna mikono ya watu. Kona za mto zilikatwa, vijito vikawekewa milango ya maji, mchanga ukachimbwa, maji machafu ya viwanda yakamwagwa, na pangaboi za injini za boti zikaua samaki wazazi pamoja na pomboo wa mtoni. Mavuno ya 2020 yalikuja baada ya vyanzo vikubwa vya uchafu kufungwa na doria kukazwa. Lakini mwaka uliofuata kimbunga Yaas kilisukuma maji ya chumvi mtoni, na mayai yakapungua tena.

4. Kwa nini mayai ya mto yangali na thamani

Mwaka 1957 mtaalamu wa India, Hiralal Chaudhuri, alifaulu kuwatagisha karpu kwa sindano ya homoni. Leo vifaranga vingi hutoka kwenye vituo vya kutotolesha. Lakini kituo kinachotumia wazazi wachache wa ukoo mmoja huzalisha samaki wanaodumaa. Ndiyo maana wafugaji huthamini mbegu ya Halda: huleta damu mpya.

5. Funzo kwa Ziwa Victoria

Ningu, samaki wetu wa ziwa hilo, ni ndugu wa karibu wa rui. Naye hupanda mito, kama Nzoia, wakati wa mvua ili kutaga. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ziliwanasa wakiwa na mayai tumboni, na uvuvi wake ukaporomoka. Huku mama alivuliwa kabla ya kutaga. Kule Halda mama hutaga na kuachwa aende zake.

6. Mapendekezo

(a) Mvuvi anayezuiwa kutega nyavu apewe posho kwa kipindi chote cha katazo.
(b) Vikundi vya wakusanya mayai viwe na wajumbe wenye kura katika kamati za mto.
(c) Vifaranga vya mtoni vipewe hati ya asili yake, ili visichanganywe na vya vituo.
(d) Mito ya ningu ifungwe kwa uvuvi wakati wa mvua, na doria zifanywe na wavuvi wenyewe kwa malipo.

7. Hitimisho

Serikali ya Bangladesh ilitangaza Halda kuwa urithi wa taifa wa uvuvi mwaka 2020. Tangazo halilishi familia. Nawasihi wataalamu na watunga sera mlio hapa: kabla ya kuandika sheria nyingine ya kulinda samaki, kaeni kwanza na wavuvi, mpange pamoja watakula nini siku mto utakapofungwa.