KIBABA CHA MAJI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuteremsha mvua na kuhuisha ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, nchi hazikupewa maji sawasawa. Unguja hupata kwa mwaka mvua zaidi ya maradufu ya ile ya Dodoma. Mtu wa Marekani hutumia nyumbani kwake takribani lita 300 kwa siku, na mwenye kubeba ndoo kichwani kutoka kisima cha mbali akipata lita 20 hushukuru. Mwaka 2018 watu wa Cape Town, waliozoea mabomba, waliamriwa wasizidishe lita 50 kila mtu kwa siku, kwa kuwa mabwawa yalikuwa yakikauka. Yaonyesha kwamba aghalabu hatutumii maji kwa kadiri ya haja, bali kwa kadiri ya wepesi wa kuyapata.

Lakini udhu haukuwekewa vipimo viwili, cha mjini na cha jangwani. Imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hakitimii lita moja. Nasi chuoni tulimwekea mwanafunzi mmoja ndoo chini ya bomba alipokuwa akitawadha. Zilijaa lita 8. Kijana yule hana kosa. Ndivyo alivyotuona walimu wake tukifanya.

Na hapa pana hukumu ambayo wengi hawaijui. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, israfu ya maji katika udhu ni makuruhu, nayo ni kwa maji yako mwenyewe. Ama maji ya tangi la msikiti, yaliyowekwa wakfu kwa kutawadhia, kuyamwaga bure ni haramu, kwa kuwa si mali yako. Wala si hayo tu. Ukiwa na maji ya udhu peke yake, na mbele yako yupo mwenye kiu, hata akiwa ni mnyama wa kufugwa, maji ni yake, nawe utatayamamu.

Nyuma ya ukuta wa msikiti wetu wapo majirani wanaonunua maji kwa dumu. Kuanzia leo tumeweka makopo ya kibaba penye tangi. Mabomba mawili yatabaki wazi kwa wazee na wagonjwa.