WAKILI WA KUPEWA NA WAKILI WA KULIPWA

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wakalimani wa kambi katika mkutano wa wazi wa Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Yamechapwa kwa ombi la wajumbe wa zoni.)



Nimepewa nusu saa kuzungumzia mawakili. Mimi si wakili. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa mahakamani kutafsiri, kutoka Kibembe na Kirundi kwenda Kiswahili cha mahakama, na nitakayosema ni yale anayoyaona mkalimani akiwa amesimama kati ya kizimba na meza ya hakimu.

Sababu ya kuzungumza haya mnaijua wote. Kijana akikamatwa, usiku uleule jamaa wanakaa, na neno la kwanza ni hili: "Tutafute wakili wa kulipwa. Yule wa serikali ni wa serikali, atamfunga." Basi posho ya mwezi inauzwa, mabati yanauzwa, shemeji aliyeko Marekani anapigiwa simu. Baadaye anatokea bwana mwenye mkoba, anachukua laki tatu, anasema kesi ameishika. Siku ya kesi haonekani. Hili limetokea hapa zaidi ya mara moja, na leo sitaji jina la mtu.

Kwanza tuelewane maneno. Ndugu zetu waliotoka Kongo wanasema "avoka wa pro deo", yaani wakili anayemtetea maskini bila malipo. Walio na jamaa Marekani wamesikia kwamba kule kuna ofisi nzima ya mawakili walioajiriwa kutetea washtakiwa tu, wanalipwa mshahara na umma, kazi yao ndiyo hiyo asubuhi hadi jioni. Hapa Tanzania ofisi ya namna hiyo haipo. Wakili anayepewa mshtakiwa hapa ni wakili wa kujitegemea, mwenye ofisi yake mjini na wateja wake wanaomlipa. Mahakama inampangia kesi, na malipo yake yanatoka serikalini. Kwa hiyo anayesema "yule ni mtu wa serikali" anakosea. Anayeendesha mashtaka ndiye wa serikali. Yule mwingine kesho yake mnaweza kumkuta mahakama ileile akimtetea tajiri wa mjini, joho lilelile, leseni ileile.

Nani anapewa? Sheria ya zamani ya jambo hili ilikuwa ya 1969, na sasa ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kesi ya kuua ikifika Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili. Hilo limezoeleka. Tatizo kubwa liko chini yake. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30, na kesi yake inasikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako watu wengi husimama peke yao. Kubaka vivyo hivyo, miaka 30. Nimemtafsiria kijana wa miaka ishirini na kitu katika shauri la namna hii. Aliulizwa kama ana swali kwa shahidi, akasema, "Shahidi ni mwongo." Hakimu akamwambia hilo si swali. Akanyamaza. Shahidi akashuka.

Sheria ya 2017 inampa hakimu pia, si jaji peke yake, nafasi ya kuagiza mshtakiwa apatiwe msaada wa kisheria, akiona haki inataka hivyo na mtu hana uwezo. Lakini hakimu mwenye mafaili mezani hawezi kuotea. Mshtakiwa aseme mwenyewe, mapema, kabla shahidi wa kwanza hajapanda: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria." Maneno hayo yaandikwe kwenye jalada. Na mtu asiogope kuyasema kwa kuwa ni mgeni. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unasema mkimbizi katika nchi anayoishi atatendewa kama raia katika kufika mahakamani, na umetaja wazi msaada wa kisheria. Hatuombi upendeleo.

Mahakama ya Mwanzo ina taratibu zake. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama pale, na mabadiliko ya 2021 yamewaruhusu pale tu ambapo anayekaa ni hakimu mkazi. Kwa hiyo anayewaambia atawawekea wakili kwenye kesi ya kupigana kilabuni, muulizeni kwanza ni mahakama gani na hakimu gani.

Sasa swali lenyewe: je, wa kulipwa ni bora kuliko wa kupewa? Nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule jambo hili limepimwa.

Mwaka 1961, katika mji wa Panama City, jimbo la Florida, mtu maskini aitwaye Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa michezo na kuiba. Aliomba wakili, akaambiwa wa bure hutolewa kwa mashtaka ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli barua ya maombi kwenda Mahakama ya Juu ya nchi ile. Tarehe 18 Machi 1963 Mahakama hiyo iliamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Watu wengi husimulia mpaka hapo. Mimi napenda sehemu inayofuata. Kesi iliporudiwa walikuja mawakili wawili kutoka mji mkubwa wa Miami kumtetea bure, Gideon akawakataa. Akamtaka Fred Turner, wakili wa palepale mjini. Turner alijua mitaa, aliwajua watu, akajiandaa kabla ya siku ya kesi, na alipomhoji shahidi mkuu akafanya watu wajiulize kama shahidi yule hakuhusika yeye mwenyewe na wizi. Ushahidi ulikuwa uleule wa mwanzo karibu wote. Wazee wa baraza walikaa kama saa moja tu wakamwachia.

Mfano wa pili ni wa mji wa Philadelphia. Kuanzia 1993, kati ya washtakiwa watano wa mauaji maskini, mmoja alipangiwa ofisi ya watetezi wa umma, na wanne walipangiwa mawakili wa kujitegemea wanaolipwa na mahakama. Hawakuchaguliwa kwa uzito wa kesi, ilikuwa ni zamu tu. Watafiti wawili, James Anderson na Paul Heaton, walifuatilia kesi hizo hadi 2005. Waliotetewa na ofisi ya umma walitiwa hatiani kwa mauaji pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao, na uwezekano wa kufungwa maisha ulipungua kwa asilimia 62. Wote wawili ni wa bure kwa mshtakiwa! Tena mawakili wa kujitegemea wengine walikuwa na uzoefu mrefu. Tofauti ilikuwa kwamba ofisi ya umma iliweka mawakili wawili kwa kila kesi, ilikuwa na wapelelezi wake wa kwenda mitaani kutafuta mashahidi, na wakili aliyekwama aliuliza mwenzake wa meza ya pili. Yule wa kujitegemea alilipwa kidogo, kwa mkupuo, na alikuwa peke yake.

Ndugu zangu, ninyi mmeshaona wakili wetu wa kupewa anafanana na nani. Anafanana na wale wanne. Ni msomi, ana leseni, anajua sheria, lakini hana mpelelezi wa kumtuma kambini, na malipo yake hayamruhusu kupanda gari mara tatu kuja huku. Mara nyingine anakutana na mtu wake siku chache kabla ya kikao, au asubuhi ileile kwenye korido. Na mtakaemlipa ninyi kwa laki tatu atakuwa hivyohivyo, kwa kuwa laki tatu hazimwajirii mtu mpelelezi. Fedha nyingi kweli zinanunua muda wa wakili. Sikatai. Anayeweza na amweke wake, ni haki yake, na atamchagua mwenyewe. Anayelipiwa hachagui sana: hata kwenye Mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha, katika rufani ya Akayesu mwaka 2001, majaji walisema wazi kwamba haki ya kupewa wakili wa bure si haki ya kumchagua umtakaye.

Lakini kile kinachokosekana kwa wakili wa kupewa, sehemu kubwa yake iko mikononi mwetu hapa kambini, na hatumpelekei.

Chukueni suala la kusema "sikuwepo". Mtu akitaka kujitetea kwamba siku ya tukio alikuwa mahali pengine, sheria inataka atoe taarifa mapema, mahakama na upande wa mashtaka wajue kabla ya kusikilizwa. Akilitoa siku ya kujitetea linapungua uzito. Sasa nani kama sisi ana ushahidi wa mahali alipokuwa? Siku ya posho unasimama foleni, kadi inaangaliwa, jina linawekwa alama. Zahanati ina daftari. Shule ina daftari. Kibali cha kutoka kambini kina tarehe ya kwenda na kurudi. Wakili aliyeko mjini hajui kama kuna daftari la zahanati ya zoni. Atajuaje? Mwambieni. Nakala ipatikane wakati jambo ni bichi, maana baada ya miaka miwili mahabusu, daftari limeliwa na mchwa na shahidi amekwisha kurudi nyumbani au amehamishiwa ng'ambo. Kwetu sisi mashahidi huondoka kuliko kwa wenyeji. Hapo nawaomba na ndugu wa mashirika: shahidi akiwa kwenye orodha ya kusafiri, angalau mwenye kesi ajulishwe.

Halafu lugha. Hapa nina neno langu kama mkalimani. Mtu wa Kongo akisema "nilikamata baiskeli kwa Fulani", kwake ni kuipokea, kuichukua tu. Polisi wa hapa anasikia kunyakua. Anaandika alivyosikia, mtu anaweka dole gumba, na karatasi ile inakuja kusomwa mahakamani kama maelezo ya onyo, aliyoyatoa kwa hiari yake. Mshtakiwa ana haki kituoni ya kuomba ndugu au wakili awepo anapohojiwa, na ya kusomewa alichosema kabla ya kutia dole. Asipoelewa, aseme haelewi. Mahakamani mkalimani halipwi na mshtakiwa. Anayewaomba fedha ya ukalimani anawaibia, hata akiwa mwenzangu. Na wakili aambiwe mapema, "Neno hili kwetu maana yake ni hii." Nimeona wakili wa kupewa, kijana mdogo tu, akiambiwa jambo la namna hiyo gerezani na mama mzazi wa mshtakiwa. Aliliandika. Siku ya kesi akamuuliza askari swali moja kuhusu neno lile, na askari akakiri kwamba hakuwa na mkalimani. Sitasema kesi iliishaje, maana si neno moja lililoiamua, lakini jaji aliinua kichwa akaandika.

Kuhusu wenye mikoba, maneno machache. Wakili halali jina lake limo kwenye Orodha ya Mawakili inayotunzwa Mahakama Kuu, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Mwenye simu nzuri anaweza kumtafuta kwenye mtandao wa Mahakama wa e-Wakili. Anatoa risiti yenye jina la ofisi. Msaidizi wa kisheria, ambaye sheria ya 2017 inamtambua, atakuelekeza na kukusaidia, lakini hasimami mahakamani kukutetea. Akisema atasimama, huyo ni kishoka.

Wakili wa kupewa asipofika, au akifika hajawahi kuonana na mtu wake, mshtakiwa anyooshe mkono aseme, kabla kesi haijaanza. Aseme kwa heshima kwamba hajapata nafasi ya kuzungumza na wakili wake. Majaji niliowaona mara nyingi hutoa muda. Asiyesema huchukuliwa ameridhika.

La mwisho ni rufaa, na hili nawaomba makatibu wa zoni mlibandike ubaoni. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuleta sababu zake Mahakama Kuu. Muda anaosubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi ndani ya hizo 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni siku 30. Aliyeko gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Msisubiri fedha za shemeji wa Marekani zifike ndipo mtoe taarifa, taarifa ile inaandikwa kwenye karatasi moja tu.

Ndugu Mwenyekiti, maswali ya jumla nitayapokea hapa. Mwenye ndugu yake ndani asiitaje kesi hadharani kwenye kipaza sauti, aje tuonane pale nyuma ya ofisi ya Kamati, na kama ana karatasi yoyote ya polisi au ya mahakama aje nayo.