Kiti cha Baiskeli ya Mikono: Tumwangalie Kwanza Anayekikalia

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Ngong)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya mto wa kiti. Naona wengine mnatazamana. Mmezoea nije na habari za mikopo, au mbuzi wa maziwa, au jinsi ya kuandika katiba ya kikundi. Leo ni mto tu, ule unaowekwa juu ya kiti cha baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Vikundi vitatu vilivyo hapa vimechanga pesa za kumnunulia mwenzao baiskeli ya namna hiyo, na vyote vitatu vimeniuliza swali moja: tuweke sponji gani?

Kabla sijajibu nitawasimulia jambo, na si jambo la kujivunia.

Miaka minne iliyopita kulikuwa na kijana mmoja wa Kitengela aliyeanguka na pikipiki akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Kikundi cha mama yake kilitoa zamu mbili za mzunguko wa chama, wengine tukaongezea, baiskeli ikapatikana. Mbao za kiti zilikuwa tupu, kwa hivyo mimi mwenyewe nikampelekea fundi wa viti. Nikachagua sponji laini kabisa, na juu yake reksini nyekundu, ile ngozi ya plastiki ya viti vya matatu, ikavutwa vizuri na kupigwa misumari pembeni. Kiti kikang'aa. Watu wakasema, sasa huyu amepata gari.

Kijana akaanza kazi ya kuuza vocha na kutuma pesa kando ya barabara, tangu asubuhi mpaka giza. Kila nikimpitia namwuliza, kiti kiko namna gani? Ananijibu, kiko sawa kabisa, dada, nastarehe. Alikuwa anasema kweli. Hakusikia kitu, basi angelalamikia nini? Wiki chache baadaye mama yake alikuwa anafua suruali akaona doa. Kuangalia, akakuta kidonda kwenye makalio, kidogo juu, lakini ndani kimeshuka karibu na mfupa. Huyo kijana alilala kifudifudi kwa miezi mingi. Baiskeli ikasimama ukutani, na kuku wakapata mahali pa kutagia, maana kuku wenyewe walikiona kiti kizuri.

Sikumlaumu fundi. Yeye alitengeneza kiti kama nilivyomwagiza. Kosa lilikuwa la kwangu, kwa sababu niliuliza kama kiti ni laini na kama kinapendeza, na sikuuliza swali la kwanza.

Swali la kwanza ni hili: huyu atakayekikalia, anasikia?

Angalieni, tuna watu wa aina mbili wanaotumia baiskeli hizi. Mama mmoja wa Kiserian aliugua polio akiwa mtoto. Miguu yake haina nguvu, lakini anasikia kila kitu, hata mchanga ukiingia chini yake. Polio hudhoofisha misuli, haiondoi kusikia kwa ngozi. Hao wa polio wengi ni watu wazima sasa, maana chanjo imefanya kazi yake, na mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeachana na polio ya asili. Aina ya pili ni kama huyo kijana wa Kitengela: walioumia uti wa mgongo, kwa pikipiki, kwa gari, kwa kuanguka kutoka juu ya mti au jengo. Wamo pia watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Hawa wengi wao hawasikii joto, wala maumivu, wala unyevu.

Kama hamna hakika, mwambieni afumbe macho, mtu wa nyumbani amguse taratibu kwa pamba kwenye makalio na mapaja, aseme ameguswa wapi. Hilo lifanyike faraghani. Si jambo la mkutano.

Kwa yule anayesikia, kazi ni rahisi na mwamuzi ni yeye. Mama wa Kiserian aliniambia shida yake si ugumu, ni jasho. Akipanda kutoka sokoni na mzigo wake, mgongo na makalio vinalowa, nguo inanata kwenye reksini, na akifika ana upele. Hapo dawa ni hewa. Ondoeni reksini. Tegemeo la mgongo lisukwe, kwa kamba ya nailoni kama vile viti vya kusuka, au kwa vipande vya tyubu ya gari vilivyokatwa upana wa vidole viwili na kupishanishwa. Upepo unapita, na mgongo unapumzika. Kwa kukalia, sponji ngumu ya inchi mbili yenye kifuniko cha kitambaa cha pamba, au hata neti nene ile ya kivuli inayotumika kwenye mashamba ya maua huku kwetu Kitengela na Isinya, ikiwa imekunjwa mara mbili. Neti hainyonyi maji, ukiipiga maji na kuikung'uta imekauka.

Hili halijaanzia kwetu. Ulaya na Marekani kuna watu wenye miguu mizima wanaoendesha baiskeli za kuegemea nyuma, miguu ikiwa mbele, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha starehe. Si mchezo wa jana. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipita kilomita 45 kwa saa moja juu ya baiskeli ya namna hiyo, na mwaka uliofuata chama cha dunia cha mashindano ya baiskeli kikaamua kwamba haihesabiwi katika rekodi za baiskeli za kawaida. Nawaambia hayo kwa sababu moja. Anayeegemea nyuma uzito wake hauko juu ya kitandiko chembamba, uko juu ya makalio na mgongo, sawasawa na mtu wetu wa baiskeli ya mikono. Nao wanalalamika habari ya mgongo kulowa jasho, na wengi wao wamehamia kwenye kiti cha neti iliyovutwa juu ya fremu.

Lakini msikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo tunapoweza kumwumiza mtu kwa mapenzi mema. Kiti cha neti au cha kusuka ni kizuri kwa anayesikia. Kwa asiyesikia, neti peke yake usimpe kamwe. Neti inalegea katikati kama kitanda cha kamba cha zamani. Mtu anazama, mapaja yanabanana, nyonga moja inashuka kuliko nyingine, na uzito wote unaangukia mfupa mmoja. Mimi na wewe tukikaa vibaya tunajigeuza hata bila kufikiri. Yeye hageuki, kwa sababu hakuna kinachomwambia ageuke. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kiti haipati damu, na ngozi isiyopata damu inakufa.

Kwa hiyo kwa asiyesikia tunajenga mto kutoka chini. Kwanza ubao mgumu ulionyooka, usiyumbe. Juu yake sponji ngumu, ile ya magodoro ya hai densiti, inchi mbili. Ikiwezekana fundi achonge bonde dogo mahali pa mifupa ya makalio, ili uzito ubebwe na mapaja zaidi kuliko mifupa ile. Kisha sponji laini zaidi, inchi moja, juu ya hiyo ngumu. Mimi nilifanya kinyume: laini tupu. Sponji laini tupu ukiikalia inabonyea yote, na chini yake unakuta ubao.

Kifuniko kisivutwe. Reksini iliyokazwa kwa misumari inakuwa kama ngozi ya ngoma, sponji chini yake haiwezi kufanya kazi. Tumieni kitambaa kinachonyooka kidogo, kama cha fulana nene, kilegee, chenye zipu au kamba nyuma, mishono yote iwe pembeni na si pale anapokalia. Kwa anayeshindwa kuzuia mkojo, sponji ivalishwe kwanza mfuko mwembamba wa plastiki, uwe mlegevu, ndipo kitambaa juu. Plastiki iwe ndani, kitambaa ndicho kiguse mwili. Na vifuniko viwe viwili. Ninyi wa Ngong mnaijua Julai yenu, ukungu na baridi, nguo inakaa kwenye kamba siku tatu. Mtu asikalie kifuniko kibichi eti kwa sababu hakuna kingine, maana ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Wengine mmeniuliza habari ya tyubu. Tyubu moja iliyojazwa upepo na kuwekwa kama ngata, mtu akakaa katikati, hapana. Inabana pande zote na kuzuia damu pale pale tunapotaka ipite. Na ngozi ya kondoo? Sufi ya kondoo ni nzuri kweli, inapitisha hewa na inapunguza msuguano. Tatizo ni kwamba kondoo wetu wekundu wa Kimaasai wana nywele, hawana sufi, na ngozi iliyowambwa juani bila kulainishwa inakuwa ubao wa pili. Mwenye ndugu Molo au Nyandarua anaweza kuulizia ya kondoo wa sufi iliyotengenezwa vizuri, ila iwekwe juu ya mto, isiwe badala ya mto.

Sasa, mtajuaje kama mto umefaa? Kuna jaribio linalofundishwa na Shirika la Afya Duniani kwa watengenezaji wa viti vya magurudumu, na halihitaji chombo chochote. Mtu akae juu ya mto. Mtu wa nyumbani apitishe vidole juu ya mto, chini ya mfupa wa kalio, upande mmoja kisha wa pili. Ncha za vidole zikiweza kuchezacheza juu na chini, kama nusu sentimita, mto uko salama. Vidole vikishindwa kucheza lakini vinachomoka bila taabu, hilo ni onyo. Vikibanwa hata kuvichomoa ni kazi, mto huo haufai, toeni siku hiyo hiyo. Rudieni kila mwezi, kwa sababu sponji inachoka. Ile iliyofaa wakati wa Pasaka huenda Krismasi imekwisha.

Na hata mto ukiwa bora, haumalizi kazi. Angalau kila nusu saa ajiinue kwa mikono, au ainame mbele kifua kielekee magotini, akae hivyo dakika moja au mbili. Huyo kijana wa Kitengela siku hizi akimaliza kuhudumia wateja kadhaa anainama. Watu walidhani anasali! Asubuhi na jioni aangaliwe ngozi, au ajiangalie mwenyewe kwa kioo. Sisi weusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuteni mahali palipokuwa peusi zaidi au panapong'aa, pana joto au pamekuwa pagumu. Pakiwa hivyo na baada ya nusu saa bila kukaliwa hapajarudi kawaida, asipakalie tena mpaka paishe. Ngozi ikifunguka, ni hospitali, msingoje mkutano wa kikundi.

Jambo moja nusura nilisahau, na huku Kajiado ni kubwa. Jua. Baiskeli ikiachwa nje saa saba mchana, reksini na vyuma vinachoma. Mimi na wewe tungeruka. Asiyesikia anakaa tu, na ngozi inaungua chini yake akiwa anacheka na watu. Tupieni shuka juu ya kiti kila mnapoiegesha, na mkono wa mtu mwingine uguse kwanza.

Bei sitaitaja, mnajua inavyobadilika. Ila niseme hivi kwa waweka hazina: msimalize pesa zote kwenye magurudumu. Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kinatengeneza viti na baiskeli hizi, kule Bombolulu, Mombasa, na Nairobi kiko Waiyaki Way. Mnapokwenda, nendeni na mtumiaji mwenyewe. Mkimpima kwa kukisia mtarudi na kiti cha mtu mwingine.

Jumanne ijayo saa nne fundi atakuwa hapa ukumbini na ubao, visu na vipande vya sponji vya aina tatu mvikalie wenyewe. Kila kikundi kilete mtu wake na mmoja wa nyumbani kwake, yule anayemsaidia kuoga. Na kama una sponji ya godoro kuukuu, ilete pia. Tutaipima kwa vidole kabla hujaitupa au kumpa mtu.