Nani Hutawala Redio za Muziki wa Klasiki

Mozart, Beethoven na Bach ndio watunzi wanaosikika mara nyingi zaidi katika redio za muziki wa klasiki za Ulaya na Marekani. Umaarufu wao unachangia, lakini saa ya studio inachangia pia. Misimu Minne ya Vivaldi ni konseto nne, kila moja ya dakika kumi hivi, na zote zina vipande vifupi vitatu. Mtangazaji huchomeka kimoja kati ya matangazo na habari bila shida. Simfoni ya tatu ya Mahler hupita saa moja na nusu. Kipindi cha asubuhi hakiwezi kuibeba, hata mtangazaji awe anaipenda kiasi gani.

Nchini Uingereza, Classic FM ilianza mwaka 1992 na tangu 1996 imekuwa ikiwapigisha wasikilizaji kura. Hapo mambo hubadilika kidogo: Rachmaninov na Vaughan Williams wameongoza mara nyingi, kila mmoja kwa utunzi mmoja tu. Kura hupima mapenzi kwa wimbo, si wingi wa kazi za mtunzi.

BBC Radio 3 haitegemei matangazo ya biashara, hivyo huthubutu zaidi. Januari 2011 ilipiga kazi zote za Mozart kwa siku 12 mfululizo. Wanawake walisubiri zaidi: siku nzima ya watunzi wa kike ilifika tarehe 8 Machi 2015.