Hesabu ya Kurudisha Ardhi Iliyochimbwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Likoni)



Tangu mwaka 2014 tuliona malori yakileta mchanga wa madini kutoka Kwale, na meli zikiupakia hapa hapa Likoni kwenda ng'ambo. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma. Tangu hapo watu huuliza maswali mawili: Ardhi itakuwaje? Na sisi wafanya kazi je?

Mimi nasema maswali hayo ni moja. Kurudisha ardhi ni kazi, na kazi hupimwa, huhesabiwa na hulipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tuhesabu pamoja. Chukueni hekta moja, yaani kama eka mbili na nusu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kabla ya kuchimba, udongo wa juu wenye rutuba hukwanguliwa na kuwekwa kando. Siku ya kuurudisha tunataka unene wa sentimita 20. Hekta ni mita za mraba 10,000; kwa unene huo tunapata mita za ujazo 2,000. Lakini udongo ukichotwa huumuka. Tuongeze robo: tunabeba 2,500. Lori la mita 10 litakwenda safari 250.

Ikiwa kwenda na kurudi ni nusu saa, hizo ni saa 125. Kwa saa 8 kila siku, ni siku 16 za lori moja. Lakini kama rundo liliwekwa mbali na safari ni saa nzima, siku zinafika 32. Udongo ni ule ule, shamba ni lile lile, bali dizeli na mishahara ya madereva vimezidi maradufu. Kwa hiyo anayekadiria vema huuliza kwanza: rundo liko wapi?

Kisha kuna tingatinga la kusawazisha, na mifereji ya kuzuia mvua isichukue udongo. Kuna miche: ikipandwa kila mita mbili na nusu, ni 1,600. Sehemu moja katika tano ikifa, itatakiwa mingine 320. Halafu kuna palizi, kumwagilia na ulinzi wa mbuzi, mwaka baada ya mwaka. Hapa ndipo hesabu nyingi hukatwa: huishia siku ya kupanda, kana kwamba mti hujilea wenyewe.

Tazameni Bamburi, upande wa Kisauni. Kiwanda cha simiti kilichimba mawe huko tangu miaka ya 1950. Mwaka 1971 bwana René Haller alianza kupanda miti juu ya mwamba mtupu. Alijaribu aina 26. Tatu tu zilistahimili, mmojawapo mvinje. Hata hivyo majani ya mvinje hayakuoza mpaka walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Leo pale pana msitu. Lakini haukuwa kazi ya msimu mmoja, wala hesabu ya msimu mmoja isingetosha.

Nani alipe? Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 yamtaka mwenye kuomba leseni ya kuchimba aweke dhamana ya fedha ya kutengeneza ardhi. Hilo ni jema. Lakini dhamana yafaa ikadiriwe kwa bei ya kontrakta mgeni, si kwa bei ya matingatinga ya mgodi wenyewe. Mwenye mgodi akifilisika, mitambo yake huuzwa, na kontrakta hatakuja bure.

Ndugu zangu, popote mgodi utakapofunguliwa au kufungwa, chama kiulize mambo matatu. Hesabu ya kurudisha ardhi iko wapi, na ilisahihishwa lini? Imeweka miaka mingapi ya kulea miti? Na kazi hiyo watapewa akina nani? Dereva aliyeutoa udongo ndiye ajuaye ulikowekwa. Mama wa kijijini ajua mche upi hushika. Hao ndio waandikwe kwanza, tena kwa mshahara wa haki.

Tuulize mapema, mgodi ungali una faida. Ukiisha kufungwa, aliyekuwa na fedha amekwisha kwenda zake, nasi tumebaki na shimo.