Mpita Njia Naye Ana Jina



Leo tungependa kutafakari jambo linaloonekana dogo: kumpiga picha mtu tusiyemjua barabarani. Siku hizi wengi wetu tunatembea na kamera ndani ya simu. Kwa hiyo suala hili si la waandishi wa habari peke yao. Ni letu sote.

Mwaka 2010 kijana Mmarekani, Brandon Stanton, aliyekuwa amepoteza kazi huko Chicago, alihamia New York akinuia kuwapiga picha wakazi 10,000 wa mji huo. Mwanzoni alikusanya nyuso. Baadaye alianza kuzungumza na watu na kuandika maneno yao chini ya picha. Mwaka 2014 alifika hata Kenya, Uganda na Kongo. Januari 2015, katika mtaa wa Brownsville, alimwuliza mvulana wa miaka 13 ni nani aliyemwongoza zaidi maishani. Mvulana akamtaja mwalimu mkuu wake. Waliosoma jibu hilo wakachanga zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya wanafunzi wa shule ile. Picha peke yake isingemtaja mwalimu yule. Swali ndilo lililomtoa.

Nasi je? Mwaka jana tulipogawa unga mjini, tuliwapanga watu mstari tukawapiga picha bila kuwauliza. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga. Tulidhani ni haya tu. Baadaye alikuja kutueleza kwamba picha ilikuwa imewafikia majirani, na mwanawe aliyesimama kando yake alichekwa shuleni. Tuliifuta katika simu zetu, lakini katika simu za wengine hatukuweza. Mgao uliofuata, mama yule hakuja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 28, inasema kila mtu ana utu wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Haisemi kwamba mwenye njaa anaupoteza.

Basi tukubaliane hivi. Kwanza, salamu na mazungumzo vitangulie kamera. Pili, tumweleze mtu picha yake itakwenda wapi na nani ataiona. Tatu, akikataa, tumshukuru na tuendelee kuzungumza naye. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini tukumbuke: anayeulizwa huku akingojea chakula mikononi mwetu hana uhuru wa kukataa. Hapo tusiulize kabisa, tugawe tu.

Mwezi ujao tutagawa unga tena. Simu zibaki mifukoni. Na kabla ya siku hiyo, twende nyumbani kwa mama yule, tumwombe radhi.