Nira ya Ng'ombe kwenye Shingo ya Punda



Kwenye warsha moja ya mifugo, mwanataaluma mwenzetu alisimama akatamka kwamba punda ni mkaidi wa kuzaliwa, hafundishiki ila kwa kiboko, na kwamba dawa yake ni kumwondoa barabarani tununue guta. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga.

Huku kwetu Kahama farasi hakustawi. Sababu ni mbung'o na maradhi yanayoenezwa na usubi. Punda ndiye aliyeshika kazi ya kubeba na kuvuta mizigo.

Hoja ya mwenzangu ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba punda husimama njiani bila sababu. Sababu ipo. Farasi akishtuka hutimua mbio, kwa kuwa asili yake ni mnyama wa kundi kwenye nyanda wazi. Punda mwitu wa Afrika aliishi kwenye nchi kame, wachache wachache, na silika yake ni kusimama, kutazama na kupima. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita. Ni mnyama wa kwetu, na bado hatumwelewi.

Xenophon wa Athens alimwelewa farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Kitabu chake cha farasi ningependa kila afisa ugani akisome kabla hajakabidhiwa pikipiki. Anaonya kwamba mnyama asiendewe kwa hasira, kwa sababu hasira haioni mbele. Akiogopa kitu, mwenyewe kiguse kwanza, kisha umsogeze taratibu. Ukimpiga, maumivu atayahesabu kuwa yametoka kwenye kile alichokiogopa, na kesho ataogopa maradufu. Huyu alikuwa askari, mtu wa vita. Wala hakuandika kwa huruma tu. Alitaka farasi atakayemfikisha salama.

Nguzo ya pili ni mateke. Shukrani ya punda ni mateke, alisema mwenzangu, watu wakacheka. Basi nendeni nje kidogo ya Kahama asubuhi, wabeba maji wanapopita. Nilimkuta kijana na madumu kumi ya lita 20, yaani kilo 200 bila kuhesabu mkokoteni, punda kagoma mbele ya kalavati na watu wawili wanamchapa. Niliomba wamfungue. Chini ya nira palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, kimeshikana na gunia. Nilipoligusa lile gunia alirusha teke. Ningekuwa yeye, ningerusha pia.

Ile ilikuwa nira ya ng'ombe, nayo hukaa mbele ya nundu, na nundu ndiyo inayoisukuma. Punda hana nundu. Mti wa nira humlalia juu ya mfupa na kamba humbana koo. Nguvu zake ziko kifuani, kwa hiyo anataka ukanda mpana wa kifua, na tandiko mgongoni la kupokea uzito wa mikono ya mkokoteni. Kidonda kilipopona, kijana alimfunga ukanda wa turubai, akaanza na gogo jepesi. Kila punda alipopiga hatua, kamba ililegezwa papo hapo. Kulegezwa huko ndiko kulikomfundisha. Kwenye kalavati bado alisita, mpaka punda mwenzake alipotangulia.

Nakubali tabia hutofautiana. Dume asiyehasiwa huuma, wapo pia wenye woga wa kurithi, na guta halichoki. Hata hivyo sijaona punda mkaidi ambaye, ukimvua matandiko, hukuti kidonda au kumbukumbu ya kipigo.

Mkoa wetu wa Shinyanga uliwahi kuwa na machinjio ya punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara hiyo. Kumnusuru punda na kisu kisha kumrudisha kwenye nira ile ile ni kazi nusu. Halmashauri zetu zinazofundisha wakulima kufunga maksai zifundishe na kushona ukanda wa kifua. Nanyi wafugaji, punda akigoma kesho, wekeni fimbo chini, mfungueni, mkague shingo yake kwanza.